Jina Halivai Suruali

Ukitaka kumwona Kiconco akipandwa na mori, ingia karakana yake pale Kasese, mtazame usoni, kisha umuulize yule mama Kiconco amekwenda wapi. Atazima mashine ya kuchomelea, ataivua ile miwani nyeusi taratibu, na atakutazama hivi kwamba wateja wengine hukumbuka ghafla wana shughuli sokoni. Atakuambia Kiconco ndiye yeye. Na wewe, kama wenzako wote waliokutangulia, utacheka kidogo na kusema ulidhani ni mwanamke. Kila wiki ya Mungu, jamani. Mtu ana ndevu, ana kifua kama mlango wa ghala, ananyanyua geti la chuma peke yake, na bado watu wanamtafuta mama.

Si kwamba jina lenyewe ni baya. Kwa Kikiga maana yake ni zawadi, na mnaosema Kiswahili mnawajua akina Zawadi na akina Riziki wa kwenu, kaka kwa dada. Baba yake alitoka milima ya Kigezi kuja Kilembe kuchimba shaba, na watoto wake watatu akawaita Kiconco, Ayesiga na Kukunda, majina ambayo kwao mvulana na msichana huvaa sawasawa. Mtu alipomuuliza kwa nini, mzee alikuwa na jibu lake moja, na hakulibadilisha hata siku moja. Jina ni neno nililomwambia Mungu siku ile, alisema. Halivai suruali, halivai gauni.

Maneno mazuri sana hayo, kwa mtu ambaye hayakumpata. Si mzee aliyefika shule ya bweni na sanduku lake la bati kichwani akakuta kitanda chake kimetandikwa kwa wasichana. Si mzee aliyelala na malaria huku muuguzi akimwita na kumwita upande wa wanawake, na yeye ameinua mkono upande wa pili mpaka mkono ukafa ganzi. Si mzee aliyeletewa kitenge cha sare na akina mama wa kanisa, wakimkaribisha kwenye umoja wao. Kiconco alipofungua karakana aliandika juu ya mlango BWANA KICONCO, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, akidhani amemaliza kazi. Mwezi haujaisha, mteja akaja na uso wa huzuni kumpa pole. Aliposoma BWANA alidhani ni mume, na kwamba karakana imeachwa na marehemu mume wa Kiconco.

Ndiyo maana aliwaonea wivu watu wengine wote. Majirani zao wa Kilembe waliotoka kaskazini walikuwa na Okello wa kiume na Akello wa kike, ukisikia tu umejua nani ni nani. Na Wakonzo, wenye milima hii, ndio kabisa. Kwao jina halichaguliwi, mtoto anakuja nalo kufuatana na zamu yake tumboni. Bwambale, aliyekuwa akifanya kazi naye karakana, ukimtaja tu umejua ni mwanaume na kwamba nyumbani kuna mkubwa wake anayemtuma. Hakuna aliyewahi kumletea Bwambale kitenge.

Basi Kiconco alipomwoa Phionah, binti wa Kikonzo wa kule Bwera mpakani, aliapa. Mtoto wake atachukua jina la ujombani. Akiwa wa kiume ataitwa Mumbere, mzaliwa wa kwanza, na katika dunia hii hakuna Mumbere anayevaa gauni. Mzee wake akanuna, akasema tangu lini mtoto wa Mkiga akapewa jina na wakwe. Kiconco akamwambia wakati wake wa kutaja majina ulipita, na matunda yake ameyaona.

Ajabu ni kwamba Phionah naye hakutaka. Tangu mimba ilipoonekana alikuwa akimbembeleza. Kwa nini mtoto asipewe jina la Kikiga, Kansiime? Si kushukuru ndiko huko? Si jina zuri? Akimpikia, Kansiime. Akimfulia, Kansiime. Kiconco alikuwa akihisi kichwa kinataka kupasuka. Mwanamke gani huyu anayelikimbia jina la kwao? Kansiime mwingine mwenye ndevu, ndiyo anataka? Siku moja alimkemea mpaka majirani wakafungua madirisha, na toka siku hiyo Phionah hakulitaja tena. Kiconco akajua ameshinda.

Na jambo jingine, mtu huyu aliyekula kiapo kwa ajili ya majina ya Wakonzo hakuwahi kukaa chini akajifunza yanavyokwenda. Alijua mawili matatu, yakamtosha. Kule Bwera kwa mama mkwe wake, mama Rusi, kulikuwa na binti mdogo anayeitwa Esperance, ambaye Kiconco alitambulishwa kwamba ni mdogo wake Phionah. Mtoto mpole, kila wakifika huwa wa kwanza kumpokea mzigo na kumwita shemeji. Phionah ndiye msichana wa kwanza wa mama Rusi, kwa hiyo jina lake la nyumbani ni Masika. Siku moja Kiconco akamsikia mama Rusi akimwita Esperance naye Masika. Kiconco alirudi karakana akacheka. Akamwambia Bwambale kwamba hawa watu wenu majina yamewaishia, dada wawili tumbo moja na wote Masika. Bwambale alikohoa, akaomba apewe nyundo.

Mwaka ulikuwa wa pili tangu mto Nyamwamba ulipofurika ukazoa nyumba za Kilembe. Phionah alikwenda kujifungulia kwa mama yake, na simu ikaja kwamba ni mvulana, mzima, na mama yake mzima. Kiconco alipiga yowe, akawanunulia soda mafundi wote wa mtaa ule. Kisha akatengeneza kitanda kidogo cha chuma, kazi ambayo hajawahi kumfanyia mteja yeyote, nondo zimepindwa kwa mkono, na upande wa kichwani akachomelea herufi za chuma: MUMBERE. Akakifunga nyuma ya pikipiki, akapita njia panda ya Kikorongo na kitanda chake, askari wa kizuizi cha barabarani wakicheka, naye akiwapungia mkono kama mgombea wa ubunge. Siku ile hata mtu angemwita mama asingejali.

Alipofika Bwera nyumba ilikuwa imejaa akina mama majirani. Esperance alikuja mbio, akampa maji ya kunawa. Mama Rusi alikuwa amempakata mtoto, akimpembeza taratibu, na Kiconco aliposogea kumtazama akasikia bibi anamwimbia: Muhindo wetu, Muhindo wetu.

Kiconco aliganda. Muhindo alikuwa anawajua wawili pale Kasese. Mmoja ni mwanaume, fundi wa pikipiki. Mwingine ni mwanamke, anauza samaki. Yaani katika majina yote ya Wakonzo, majina yanayosema wazi huyu dume huyu jike, walikuwa nalo moja la kuvaliwa na wote wawili, na hilo moja ndilo wamempa mwanawe. Damu ilimpanda. Akajitahidi kuongea kwa adabu, maana mama mkwe ni mama mkwe, akasema mtoto ni Mumbere, tulikubaliana, hata kitanda kiko nje kimeandikwa. Mama Rusi akatikisa kichwa. Kiconco akaanza kueleza habari za bweni la wasichana, akaeleza za malaria, akafika mpaka kwenye kitenge, sauti ikipanda. Akina mama waliinamisha nyuso. Alidhani wanamwonea haya kwa kelele zake, akaona heri, waone haya.

"Mama, mimi nataka jina ya mwanaume," akasema. "Jina moja tu. Kwa nini munaninyima?"

"Huyu hapana Mumbere," mama Rusi akasema. "Muhindo ni mutoto mwenye alibadilisha. Mama alikuwa anazaa basichana, kisha mwanaume akakuja. Bengine banangojaka basichana bakuwe babili, batatu. Mimi, hata moja ni mutu."

"Basichana gani?" Kiconco akauliza.

Akina mama wote waligeuza macho mlangoni. Esperance alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hajui aingie au atoke. Kiconco akamtazama, akamtazama Phionah kitandani, akamtazama tena yule msichana, na lile paji la uso, moja na la Phionah, ambalo alikuwa ameliona mara zisizo na hesabu, sasa ndio akaliona. Masika mkubwa ni binti wa kwanza wa mama Rusi, na Masika mdogo ni binti wa kwanza wa Phionah. Kumbe majina hayakuwa yamewaishia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alificha akazaa, tena mara mbili, na mumewe anasimama katikati ya ukumbi wa watu akidai jina lenye kusema ukweli! Kiconco alitaka kucheka, ikashindikana. Aibu ilimchoma, hasira juu yake. Akina mama wakajiondokea mmoja mmoja, na Esperance akaondoka nao.

Phionah alisema yote, uso akiutazamisha ukutani. Alikuwa bado shuleni, mwanaume alikuwa mfanyabiashara aliyevuka daraja la Mpondwe akarudi kwao Kongo na hakuonekana tena. Mama yake alimlea mtoto kama wake. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nilikuomba Kansiime. Nilikuomba mpaka nikachoka. Jina ya kwenu haiulizi mutu ametoka wapi."

Kiconco akageukia mama mkwe. Heshima ilikuwa imemtoka. Akamwambia yeye kama bibi angeweza kunyamaza, angemwita mtoto Mumbere tu, nani angekufa?

"Masika angekufa," mama Rusi akasema. "Nilimuficha kwa sababu ya ndoa, sawa. Lakini nikimwita huyu wa kwanza, yule nimemuzika na iko anapumua."

Kiconco alitoka bila kuaga, akawasha pikipiki, akakiacha kitanda uani. Njia nzima alikuwa akigomba na upepo.

Karakana alimkuta Bwambale, akamvaa hapo hapo kwamba alijua. Bwambale hakukana. Akamwambia kila mtu wa Bwera alijua, jina la yule mtoto lilikuwa likitembea njiani mchana kweupe, likiitwa mbele yake yeye Kiconco, na yeye alicheka tu wala hakuuliza. Wakarudi kazini, kila mmoja na geti lake. Mzee wake aliposikia hakutoa pole. Alisema nilikupa jina lisilopeleka habari za watu, ukalitukana. Ulitaka lenye kusema. Si limesema? Kiconco akamwambia mzee anamchosha. Wote walikuwa wanamchosha. Kilichomchosha kuliko yote ni swali ambalo Phionah alimtumia kwa simu, maneno machache tu: kama angemwambia mapema, angemwoa? Alilisoma akiwa kazini, akalisoma akila. Angependa sana kusema ndiyo. Hakuwa na hakika, na hilo lilimuudhi kuliko uongo wa mkewe.

Mwishowe alirudi Bwera, na hakurudi akiwa mpole. Kitanda alikikuta pale pale uani, kuku wamekigeuza makao. Akatoa msasa wa umeme kwenye begi, akavuta waya mpaka dirishani, akazisaga zile herufi moja moja, cheche zikiruka, mpaka pakabaki alama nyeusi tu. Hakuchomelea jina jingine. Alipomaliza, Esperance alikuwa amesimama mbali na maji ya kunawa, akiogopa kusogea. Safari hii hakumwita shemeji. Hakumwita lolote.

"Jina lako nani?" Kiconco akamuuliza.

"Esperance."

"Lile jingine."

Mtoto alitazama ndani kwa bibi yake, akamtazama tena yeye. "Masika," akasema, polepole.

"Basi, Masika, kamata upande huo. Kitanda ni kizito."

Wakakiingiza ndani. Na Kiconco, msidhani alikuwa amepoa. Alimgombeza Phionah jioni ile, akamgombeza kesho yake, na mara ya mwisho waliposikika wakigombana bado ni jambo lile lile. Lakini walipopanda gari kurudi Kasese walikuwa wanne, na Masika alishika begi la mtoto.

Siku ya chanjo, Kiconco alikwenda na familia yake kliniki moja pale mjini. Mama Rusi alikuwa amemwonya mkwewe kwenye simu kwamba jina hilo litamsumbua. Na kweli. Muuguzi alitoka mlangoni, akatazama foleni nzima, akaita Muhindo wa Kiconco. Kiconco akasimama, mtoto begani. Muuguzi akamtazama, akamuuliza kama mama Kiconco hakuja. Ikamlazimu kueleza tena, kama kawaida, mbele ya foleni, kwamba Kiconco ndiye yeye, ndiyo, mwanaume, alizaliwa hivyo. Watu wakacheka. Muuguzi akacheka pia, akaomba radhi, kisha akamuuliza na huyu Muhindo je, wa kike au wa kiume?

Kiconco alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa tayari mdomoni, hotuba yote, kutoka bweni mpaka kitenge. Phionah akainamisha macho, maana alijua Muhindo hazaliwi wa kwanza, na kwamba kila Mkonzo kwenye foleni ile alikuwa ameshahesabu na sasa anatafuta kwa macho yuko wapi aliyetangulia.

"Wa kiume," Kiconco akasema kwa hasira. Akamvuta Masika kwa mkono, akamsimamisha mbele yake ili watu wamwone. "Wa kike ni huyu hapa. Ndiye wa kwanza wetu."