Mgeni Aliyeuliza Kama Hewa Inatosha

Ilikuwa ule mwaka unga wa mahindi ulipopotea madukani. Tulikula ugali wa mhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, unaonata mkononi kama udongo, na badala ya samaki tukala mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama. Yeyote wa Macalder aliyefyonza vichwa vya mbuta mwaka huo anajua ninaongea juu ya lini. Naanza hapo ili usije ukasema nyanya huyu aliota. Sikuota. Nilikuwa nimeshiba huo ugali mweusi, nimeketi kwenye kiti changu, jua linawaka. Watu wanapenda mambo ya namna hii yatokee usiku. Langu lilitokea saa nane mchana.

Nyinyi vijana mnaniuliza kila wiki: "Dani, hii gemu ya angani ninunue ama niache?" Dani ndiyo nyanya kwa Kijaluo, na hapa sokoni hata Wakuria wananiita hivyo. Basi leo nitawajibu wote mara moja. Lakini mtasikiza mpaka mwisho.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Mjukuu wangu Akinyi alipoenda chuo aliniachia mashine mbili za gemu na tivi mbili kwenye kibanda cha mabati, akasema, "Dani, wewe keti tu, watakuja." Wakaja. Wachimba dhahabu wakitoka shimoni wananawa uso, wanakuja kucheza mpira wa kwenye tivi, wanatukanana mpaka mabati yanatetemeka. Sheria yangu ni moja. Ukitaka kushika padi ya kuchezea, unaweka kitu chako mezani kwangu, ndio usitoroke nayo.

Gemu ya angani hakuna aliyeitaka. Walisema haina risasi, haina goli, ni ya kulaza watoto. Akinyi alikuwa amenifunza kabla ya kuondoka, na mimi nikaipenda. Cheka ukitaka. Huyu unayemwona na magoti mabovu ametua kwenye mwezi wa barafu, amechimba mawe yanayoelea angani, ameuza madini kwenye stesheni inayozunguka kama gurudumu. Nilivunja vyombo saba vya angani kabla ya kujua kutua. Wewe ulivunja vingapi? Hata kimoja hujapanda.

Kwa hivyo ushauri wa kwanza ni huu. Kama wewe ni mtu wa haraka, usinunue. Utasafiri robo saa nzima huoni kitu ila giza na vidoa vya nyota. Vibonyezo ni vingi kuliko meno yako, na hakuna anayekuambia pa kwenda. Jaribu kwanza kwenye mashine ya mtu mwingine. Kama baada ya siku tatu bado unalala ukiwaza ule mwezi, basi gemu ni yako, nunua.

Ushauri wa pili ndio ulionileta hapa. Ukipata chombo kipya, gemu inakuuliza: kiitwe nani?

Sisi Wajaluo hatuokoti jina barabarani. Mtoto akizaliwa, marehemu fulani anamjia bibi au shangazi ndotoni, anadai aitwe yeye, tunampa mtoto jina hilo. Kwa hivyo chombo cha kwanza nilikipa jina la mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Cha pili jina la mama yangu. Hao tuliwazika. Tuliwalilia, tukanyoa nywele, wakapumzika.

Cha tatu nikakiita Owino.

Owino sikumjua. Nilisikia wanawake wakinong'ona kwenye foleni ya maji kwamba shimo moja kule Osiri lilianguka, wawili wakatoka na mmoja akabaki. Mwenye shimo alikuwa akiambia watu kwamba huyo wa tatu hakuwa ndani, eti aliondoka siku moja kabla, akaenda kisiwani Remba kuvua samaki. Kila mtu alijua ni uongo na kila mtu akanyamaza. Mama yake anauza dagaa wa omena kando ya ziwa upande wa Homa Bay, wakasema, na yeye ameamini. Mimi nikaona uchungu. Nikasema, kama hakuna atakayemtaja huyu kijana wa watu, basi nitamtaja mimi. Nikaandika herufi moja moja, polepole, O-W-I-N-O.

Unaona kosa langu? Yule hakunijia ndotoni. Mimi ndiye niliyemwita, na alikuwa bado hajazikwa.

Siku ya tatu ndiyo akaja. Wachimbaji wote walikuwa chini, kibanda kiko kitupu. Nikainua macho, mtu amesimama mlangoni, kijana mrefu, amejaa vumbi la jiwe kuanzia nywele hadi kucha.

"Misawa, Dani," akanisalimu.

"Misawa. Weka kitu mezani kwanza. Simu, kofia, ama hata meno yako, mimi sijali."

Wengine hucheka hapo. Yeye alivua tochi ya kichwani, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mpira?" nikamuuliza.

"Hapana, Dani. Ile ya nyota. Nimesikia unayo. Nataka kujua kama ninunue."

Nisiwafiche, moyo wangu ulifura kama mandazi kwenye mafuta. Mteja wa kwanza wa gemu yangu! Nikamvutia benchi, nikawasha, nikaanza kumwaga yote ninayojua kama mwalimu mkuu. Hiki cha kupaa, hiki cha kugeuka, hiki usikiguse. Alisikiza vizuri. Halafu akauliza maswali, na ni maswali ambayo mgeni yeyote wa gemu hii huuliza. Ndiyo maana sikushtuka mapema.

"Mtu akiwa huko nje, hewa inatosha?"

"Angalia huo mstari wa bluu," nikasema. "Ndiyo hewa yako. Ukikawia, unapungua."

"Ukiisha?"

"Unakufa, unaanza upya."

"Kila mtu anaanza upya?"

"Kwa gemu, ndiyo."

Akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Na mtu akipotea huko, kuna anayekuja kumtafuta?"

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Nani akutafute, baba? Unaona anga ilivyo kubwa? Unaita msaada, unangoja. Kama kuna mtu mwema karibu atakuja."

"Anangoja muda gani?"

"Mpaka achoke."

"Mimi sijachoka," akasema.

Nikampa padi. Akachagua chombo cha tatu bila kuniuliza, akapaa nacho kama mtu aliyezaliwa ndani yake. Hakuenda stesheni wala kwenye mawe ya kuchimba. Alienda moja kwa moja kwenye mwezi mmoja mdogo, akashuka ndani ya shimo lake, chini kabisa, mpaka tivi ikawa nyeusi na nyota chache tu zikabaki juu, kwenye mdomo wa shimo. Hapo akazima injini.

"Hapa ni pazuri," akasema. "Ukiwa chini bado unaziona. Kule niliko hakuna hata moja."

Ndipo nikasikia baridi. Niamini, jua la saa nane, mabati yanalia kwa joto, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Nikamtazama mara ya pili. Lile vumbi halikuwa kavu. Lilikuwa udongo mbichi wa kijivu, ule wa chini sana ambao wachimbaji hupandisha kwa ndoo, na kwetu mvua haikuwa imenyesha majuma mengi.

"Kwani wewe unaitwa nani?" nikamuuliza.

Akaonyesha tivi kwa kidevu. Pembeni mwa chombo, herufi zangu mwenyewe, moja moja.

"Si umeniita, Dani."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Magoti yangu hayakimbii. Niliketi.

"Niuzie," akasema. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeomba maji. "Niuzie gemu pamoja na hiki chombo, nikae humu. Humu kuna nafasi, Dani, kuna nyota. Sisumbui mtu."

Wacha niseme ukweli, nilitaka kumpa. Ilikuwa rahisi sana kusema chukua, mwanangu, ni yako. Lakini nikamwaza mama yake pale ziwani, anamwekea sahani kila jioni, anauliza kila boti inayotoka Remba. Nikijibu ndiyo, huyu atakaa kwenye mashine yangu milele, na yule mama atapika mpaka aingie kaburini. Nikashika kingo za kiti.

"Siuzi," nikamwambia. "Kwenu kuna watu wanakungoja."

"Wananingoja Remba."

"Basi nitaenda mimi mwenyewe niwaambie uko wapi."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, ya kijana aliyechoka. Akanirudishia padi kwa mikono miwili, akasimama, akainama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akatoka kwenye jua. Sikusikia hatua. Kwenye benchi alipokuwa ameketi pamebaki udongo wa kijivu, baridi kama wa kisimani. Na tochi yake ilibaki mezani kwangu.

Kesho yake nilivaa leso mbili nikaenda Homa Bay. Kumpata yule mama hakukuwa kazi, kila mwanamke wa ufuoni alimjua. Alikuwa akigeuza omena juu ya neti, jua likimpiga mgongoni.

"Mama Owino, nimetoka Macalder," nikasema. "Ni habari ya kijana wako."

"Kijana wangu yuko Remba." Hakuinua kichwa. "Watu wamemwona."

"Nani amemwona?"

"Watu."

"Watu gani, dada yangu? Nitajie mmoja."

Akanirukia kwa maneno. "Wewe mzee umetumwa na nani? Unatembea nyumba za watu ukiwatabiria kifo? Huna wajukuu wa kulea?"

Kutukanwa nimezoea, nachezesha wachimbaji gemu. Nilitoa ile tochi nikaiweka juu ya omena.

Mkanda wa tochi ulikuwa umekatika zamani na kushonwa kwa kipande cha utepe wa waridi. Yule mama alishika huo utepe, akaupapasa kwa kidole gumba, mshono baada ya mshono. Ulikuwa utepe wa gaguro lake mwenyewe. Hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Alikuwa na njaa?"

Ningeweza kumdanganya. Nikasema, "Hakuuliza chakula. Aliuliza kama hewa inatosha."

Akaketi chini pale pale juu ya samaki wake. Wanawake wengine waliacha kazi, wakaja wakamzunguka. Baada ya muda nikasikia sauti yake katikati yao, nyembamba lakini imenyooka: "Mwambieni shemeji atafute yago."

Asiyejua aelewe. Kwetu mtu akipotelea majini au ardhini na mwili usionekane, hatumwachi hivyo. Tunachukua tunda la mti wa yago, refu na zito kama mkono wa mtu mzima, tunalizika mahali pake, kwa jina lake, kwa kilio kamili, ili ajue amefika nyumbani. Walilifunga kwenye shati lake la kanisani. Mama yake mwenyewe ndiye aliyelifunga vifungo, akaanzia juu. Mimi nilikuwepo mpaka udongo wa mwisho.

Niliporudi Macalder niliwasha mashine. Chombo nilikuwa nimekiacha ndani ya lile shimo, injini imezimwa, na kibanda nilikifunga kwa kufuli na ufunguo nikautia kifuani. Hakikuwa shimoni tena. Kilikuwa juu ya ule mwezi, kimetulia angani, taa zote zimewaka. Mpaka leo kiko hapo. Sijakigusa. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia havijapata joto tangu siku ile, hata nikivishika juu ya makaa, na gemu sichezi tena. Wateja wangu wanajua. Kibanda changu hakifungwi mlango mtu akiwa ndani, hata mvua ikinyesha.

Kwa hivyo wewe mgeni, nunua ukitaka, gemu ni nzuri, sijui nyingine inayomfanya mtu ajione mdogo namna ile. Ila ikikuuliza jina, andika la ng'ombe. Andika la paka. Usiandike la mtu ambaye hujui kaburi lake liko wapi, kwa huruma au kwa mchezo, maana atasikia, na atakuja na maswali ambayo huna majibu yake.

Wiki iliyopita Mama Owino alifika hapa. Alikuwa ametembea kutoka stendi, viatu mkononi. Nikampa chai, hakuinywa. Akaomba nimwonyeshe. Nikawasha. Alitazama kile chombo, zile taa, lile jina, akasogeza benchi karibu mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Hii inashikwa namna gani?" akauliza, akichukua padi juu chini. "Ni ngumu kwa mtu asiyesoma? Unafikiri niinunue?"

"Una wajukuu wangapi nyumbani?" nikamuuliza.

"Wanne."

"Nani anawapikia leo?"

Alikuwa akipapasa jina la mwanawe kwenye kioo, kwa kidole gumba, kama alivyopapasa ule utepe. "Nitakaa naye kidogo tu," akasema. "Niuzie, Dani."

Nilimwondolea padi mkononi polepole, nikazima tivi.

"Siuzi," nikamwambia. "Kwenu kuna watu wanakungoja."