Uyoga Chini ya Kitanda cha Mama

Mama alipopatikana na saratani ya titi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi nilikuwa nikifagia na kuosha chupa katika maabara moja mjini. Tuliishi mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, yeye na mimi na baba, mchongaji wa vinyago.

Mhadhiri mmoja pale maabara alikuwa akikuza uyoga kwenye mifuko ya vumbi la mbao. Nilipomsimulia ya nyumbani, aliniambia kwamba huko Asia watafiti wametoa ndani ya uyoga kitu kilichopunguza uvimbe wa panya.

“Wa panya,” alirudia. “Kwa binadamu bado hatujajua vizuri.”

Alinipa mbegu, tupate walau mboga ya kumtia mama nguvu.

Jioni ile nilimwambia mama, “Wasomi wanasema uyoga huu unaponya saratani.” Panya sikuwataja. Uso wake ulikunjuka, nami nikaupenda uso ule kuliko ukweli.

Baba alileta gunia la vumbi la mbao kutoka kazini. Tulilichemsha katika debe, tukajaza mifuko, tukaipanga chini ya kitanda na kuinyunyizia maji. Uyoga ulipochipuka, mama akawa anakunywa supu yake kila asubuhi. Mionzi aliyokuwa akitibiwa nayo hospitali ilimchoma ngozi na kumchosha, supu haikumuumiza. Siku moja akakataa kwenda.

“Si dawa yangu ninayo hapa?”

Baba alinitazama. Niliinama nikaendelea kusugua sufuria.

Baada ya wiki tatu nilimwendea mhadhiri kuomba mbegu zaidi. “Anaendelea na mionzi, sivyo?” aliuliza. Nilikiri kwamba ameacha, na kwamba habari ya panya nilimficha. “Mwambie ukweli leo. Usingoje kesho.”

Nilimkuta mama mlangoni akiota jua. Nikamweleza yote.

“Panya?” aliuliza.

“Panya, Mama.”

Alicheka, akakohoa, kisha akalia bila sauti. “Ungeniambia tu, mwanangu. Supu ningekunywa vilevile, na kule ningeendelea kwenda.”

Kesho yake alirudi hospitali akiegemea bega la baba. Ugonjwa ulikuwa umeingia mapafuni. Alifariki kabla ya mvua za masika, tukamzika nyumbani Machakos.

Baba hakuwahi kunilaumu, na kuna siku nilitamani anilaumu. Sijui kama mionzi ya wiki zile tatu ingebadilisha lolote. Nafasi ya kumuuliza daktari niliipata mara moja. Alinyanyua macho akaningoja niseme, nami nikamshukuru, nikatoka.