Magurudumu Yasiyofanana

Mshonaji wa sare za shule alikuwa na miguu mizuri na magurudumu mabaya. Klabu nzima ya baiskeli ililijua hilo. Mlimani alipanda bega kwa bega na wanaume, wengine akiwaacha wanahema kama mvukuto. Balaa lilikuwa kwenye mteremko wa nyuma ya machimbo ya mawe, ambako lami imeliwa na malori na hakuna mkubwa anayeona haya kuiacha hivyo. Mara mbili ringi yake ya nyuma ilipindia huko, na mara mbili alirudi nyumbani baiskeli ikiwa begani.

Wanaume nao walipinda ringi zao palepale. Wao waliambiwa wana bahati mbaya. Yeye aliambiwa hajui kuendesha.

Nahodha wa klabu, ambaye ni mdogo wa mumewe, alimletea habari akiwa amejikalia juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Shemeji, majaribio ni Jumamosi. Ukimaliza na kundi la mbele, umeingia timu. Ukikwama tena pale machimboni, sina la kukutetea. Watasema napendelea ndugu."

"Shuka kwanza hapo mezani. Umekalia suruali ya mtoto wa watu."

Kesho yake alikwenda kwa fundi baiskeli. Jozi mbili za magurudumu zilikuwa zinaning'inia ukutani. Ya kwanza ilikuwa na ringi nyembamba na spoki chache. Gurudumu lake ulilinyanyua kwa kidole. Ukiwa nalo, mlima unakuwa nusu mlima. Ya pili ilikuwa na ringi pana na spoki zilizosongamana, gurudumu la kupita popote, ila uzito wake ungemwacha nyuma kabla hata ya kufika kileleni.

Sasa, katika klabu ile magurudumu lazima yafanane: ringi moja, rangi moja, hata stika moja. Hakuna aliyejua sababu, zaidi ya kwamba yanapendeza kwenye picha. Watu wazima walikuwa wanavunjikiwa na ringi kwa ajili ya picha.

Mshonaji alisimama akayatazama kwa jicho la kazi yake. Suruali ya shule huwekwa kitambaa maradufu makalioni na magotini, basi. Ukiweka kila mahali, mtoto hakimbii. Na yeye akiwa juu ya baiskeli, mzigo ulikaa wapi? Nyuma. Ringi ya mbele haikuwahi kumsumbua hata siku moja.

"Nipe la mbele kutoka jozi hii nyepesi, na la nyuma kutoka ile nzito."

Fundi akajikuna kichwa. "Mama, hizi ni jozi."

"Leo zinaachana."

"Na yanayobaki nimuuzie nani?"

"Mtu anayeendesha kwa ajili ya picha atakuja. Mwambie ni fasheni mpya."

Fundi alicheka mpaka akakubali.

Jumamosi, walipomwona tu, kicheko kikaanza. "Shemeji," nahodha akasema, "mguu mmoja umevaa kiatu cha harusi, mwingine buti la shamba?"

"Ilimradi yote yanatembea, shemeji."

Mlimani hakuachwa. Aliwashika, akapanda nao, akafika kileleni akiwa wa nne. Kisha ukaja mteremko. Vumbi la waliotangulia lilimziba macho, na shimo alilifahamu baada ya kuliingia. Gurudumu la nyuma lilipiga ukingo wa lami kwa kishindo kilichomgonganisha meno.

Akangoja. Aliijua vizuri sauti inayofuata, ile ya ringi iliyopinda ikikwaruza breki, kwaru, kwaru, kwaru. Alikaza mikono, akabana pumzi.

Haikuja. Kulikuwa na upepo tu, na mnyororo unaoimba kama kawaida yake.

Chini ya mteremko, ambako majaribio yaliishia na yeye akiwa kwenye kundi la mbele, nahodha aliinua baiskeli yake, akalizungusha gurudumu la nyuma, akainama kulikagua. Lilizunguka limenyooka.

"Mazoezi ya timu ni kesho alfajiri," akasema polepole. "Na hiyo ringi ya nyuma uliinunua wapi?"

Mshonaji aliketi ukingoni mwa barabara, akampigia mumewe.

"Ringi imeshika?" mume akauliza kabla ya salamu.

"Imeshika."

Upande wa pili alimsikia mtu mzima akishusha pumzi ndefu, kama aliyekuwa naye mteremko mzima.