Stendi ya Samaki wa Mzee Prakash

Anselmi alikuwa seremala wa Kihonda anayeogopa uzito. Zamani, alipokuwa kiwandani, kazi yake ilikuwa kugonga makasha ya mizigo, na hakuna mtu anayekalia kasha. Kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na randa yake, akaanza kutengeneza samani. Benchi lake la kwanza lilinunuliwa na familia iliyokuwa inapokea wageni wa posa. Wageni walikaa, wakasalimia, benchi likavunjika, na posa ikavunjika nalo. Tangu hapo kila kiti alichokitengeneza alikikalia mwenyewe mchana kutwa kabla ya kumkabidhi mnunuzi.

Basi mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, wakati maduka ya mjini yalikuwa yamejaa vitu vya nje ambavyo zamani watu walivisikia tu kwa wasafiri, akaitwa na Mzee Prakash, muuza misumari na vitasa. Mkwe wake, Ritesh, alikuwa amemletea kutoka Dar tangi la kioo la kufugia samaki sebuleni. Lilikuwa refu kiasi cha mtu mzima kulala ndani akajinyoosha.

"Shikamoo, mzee," alisema Anselmi, akilizunguka tangi.

"Marahaba, fundi. Nataka stendi ya mbao ya kuliweka hili. Imara, na nzuri."

"Na hao samaki mtaanza kuwala lini?"

"Sisi nyumba hii hatuli samaki. Hata mayai hatuli."

Anselmi alilitafakari jambo hilo. Mtu asiyekula samaki ndiye anayenunua samaki. Akaona si kazi ya seremala kuuliza zaidi, akarudi kwenye lililomhusu. "Likijaa maji litakuwa na uzito gani?"

"Ritesh anasema kama watu wanane."

"Wanene au wembamba?"

Mzee Prakash naye alilifikiria kwa dhati. "Tuseme watu wa kawaida."

Njia nzima ya kurudi Kihonda Anselmi alimtafuta mtu wa kawaida asimpate. Kila aliyepishana naye alikuwa ama mwembamba mno, ama amejaa.

Alichora stendi kwa chaki kwenye sakafu ya sebule yake, kwa ukubwa wake halisi, maana karatasi hakuiamini. Ili mchoro usifutike, viti vyote vikatolewa nje.

"Mimi sasa nikae wapi?" aliuliza mkewe, Filomena.

"Kaa hapo watakapokaa samaki, ila usiufute mguu wa kushoto."

Filomena akakaa kwenye samaki, akachambua mchele wake.

Stendi ilianza na miguu minne. Usiku Anselmi akiota maji, asubuhi anaongeza mguu. Alipofika miguu tisa ndoto zikakoma, akaanza kuchonga. Mbao zilikuwa za mninga mkavu. Hakutia msumari hata mmoja, ingawa mteja wake alikuwa muuza misumari. Alitoboa matundu kwa patasi, akachonga ndimi za kuingia humo, akazishika kwa gundi. Akapiga msasa, akapaka vanishi, akaiweka uani na kuilaza pima maji juu yake. Ilikuwa sawa kila upande. Lakini moyo wake haukuwa sawa.

"Wanakwaya wenzako wanakuja kufanya mazoezi Jumamosi?" alimuuliza Filomena.

"Wanakuja. Kwani vipi?"

"Waambie wavae viatu vyepesi."

Jumamosi wanakwaya wanane walipanda juu ya stendi, wakajipanga kwa sauti zao, mwalimu wao Athanas akiwa wa mwisho. Athanas peke yake alikuwa karibu watu wawili. Stendi haikutoa hata mlio. Anselmi alilala chini kifudifudi akiitazama miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Samaki hawatulii," alisema kutoka huko chini. "Yumbeni kidogo."

"Tukiyumba bila wimbo tutaangukiana," alisema Athanas. Akawatolea sauti, wakaimba huku wakiyumba.

Uani kwa Anselmi hakukuwa na ua. Wapita njia waliona jukwaa jipya linang'aa, kwaya juu yake, na msimu ulikuwa wa kampeni. Wakasimama. Waliosimama wakawavuta wengine. Muuza mihogo akasogeza jiko lake karibu. Haukupita muda akatokea Dominiko, mgambo wa kata, akiwa na kirungu kwapani.

"Huu mkutano ni wa chama gani?"

"Wa samaki," alijibu Anselmi, akijipangusa vumbi la magoti.

"Hicho sijaletewa taarifa yake. Mgombea ni nani?"

"Hakuna mgombea. Tunapima uzito."

Dominiko aliwaangalia watu waliojaa hadi barabarani. "Fundi, mimi siwezi kuwatawanya watu ambao hawajahutubiwa. Wataleta fujo. Panda useme neno moja, wamalize, waende."

Kwaya ikabanana kumpa nafasi. Anselmi hakuwahi kusimama mbele za watu tangu kipaimara. Aliona vichwa tu, akasema alichokuwa nacho.

"Ndugu zangu, miguu ni tisa. Msumari hakuna. Mbao nimezikausha mwenyewe, hazitapinda. Nimemaliza."

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alimwambia jirani yake kwamba huyu anafaa, hajataja barabara.

Katikati ya makofi hayo Mzee Prakash na mkewe, Chandrika, waliingia uani. Walikuwa wamekuja kuitazama stendi yao, wakaikuta imebeba watu tisa.

"Nilisema wanane," alisema Mzee Prakash.

"Wa tisa ni mimi, mzee. Ni wa akiba."

Mama Chandrika alitazama miguu ya stendi, akatazama ya Athanas. "Waambie waimbe tena ule wa kuyumba," alisema. Wakauimba.

Wiki iliyofuata stendi ilipelekwa mjini kwa mkokoteni na tangi likajazwa maji. Likatulia. Lakini habari ya hotuba ilikuwa imeenda mbali, na kabla ya uchaguzi vyama vitatu vilimwagiza Anselmi majukwaa, kila kimoja kikidai lake lizidi kidogo la mwenzake kwa kimo. La mwisho lilikuwa refu hivi kwamba mgombea wake alihutubia akishikilia tawi la mwarobaini. Halikuvunjika.

Kila Jumapili akitoka misani Anselmi alipita kwa Mzee Prakash kukagua viungo vya stendi. Ukaguzi ulimchukua dakika chache, kisha alikaa mbele ya kioo na chai ya maziwa, akiwatazama samaki wa rangi ya machungwa wakienda na kurudi.

"Huyu mwenye mkia mpana amenenepa," alisema siku moja, sauti imeingia wasiwasi.

"Amenenepa kidogo," alikubali Mama Chandrika.

Anselmi akaweka kikombe chini, akachungulia tena mvunguni.