Hadithi ya Marehemu Haikatizwi

Keti karibu, msikilizaji wangu, nikueleze polepole, maana jambo hili likinipanda kichwani huwa napayuka na hakuna anayenielewa.

Kanisa letu hapa Kitale lilikuwa linatuma timu ya injili Malawi, na mimi niliteuliwa kuiongoza. Kwanza tulipewa mafunzo ya uongozi. Mkufunzi alitoka Nairobi, mtu nadhifu, mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Mengi aliyotufundisha yalikuwa mazuri, sikatai: kupanga zamu, kusuluhisha ugomvi, kumtunza mwenzako akiugua ugenini. Lakini kuhusu kuingia nyumba ya mtu alikuwa na njia moja tu. Salamu fupi, halafu swali: "Ukifa leo, utaenda wapi?" Halafu sala ya toba.

"Kiongozi hapotezi muda kwa hadithi," alisema, nasi tukakariri.

Siku ya mwisho alitupeleka Kamukuywa, upande wa Bungoma, kufanya mazoezi nyumba kwa nyumba. Akafuatana nami, kwa sababu ndiye angeamua kama nafaa kuongoza.

Sasa nikufafanulie. Huku kwetu mtu huzikwa bomani kwake. Na ukienda kumpa pole mfiwa, yeye hukusimulia yote, kuanzia ugonjwa ulipoingia mpaka neno la mwisho. Kila mgeni husimuliwa upya, hata kama amefika baada ya wiki kadhaa. Wewe unanyamaza tu na kusikiliza. Hiyo ndiyo pole yenyewe.

Tulipopita lango la boma la kwanza niliona kaburi kando ya mahindi, udongo ungali mwekundu, shada limenyauka juu yake. Mkufunzi pia aliliona. Alilizunguka asichafue viatu.

"Bwana asifiwe, watu wa Mungu!" mama wa boma akatupokea. "Ingieni, kaeni."

"Amina, mama. Pole sana. Ni mzee tumempoteza?"

"Ni mzee." Akaketi, akafunga leso vizuri kiunoni, akaanza. Ilianza na kifua, akalazwa hospitali ya Lugulu, akapata nafuu, wakamrudisha nyumbani. "Halafu asubuhi moja akaniambia, nipikie uji…"

Mkufunzi akakohoa. "Swali," akaninong'oneza. Mimi nikaendelea kumsikiliza mama. Akaona nimeshindwa, akaruka mwenyewe: "Mama, ukifa leo, utaenda wapi?"

Mama akamtazama.

"Ati nikikufa leo? Si nitaenda hapo." Akaonyesha dirishani. "Kando ya mzee. Nafasi yangu iko."

"Nauliza roho, mama. Umeokoka?"

"Kijana, mimi nimeimba kwaya kabla mama yako aolewe. Si ungengoja kwanza nikwambie vile mzee alienda?"

"Tufunge macho tuombe," mkufunzi akasema. Akaomba haraka, akasema amina, akasimama. Mama hata hakuwa amefunga macho.

Huko nje akanigeukia. "Dada, umefeli. Nyumba inayofuata uulize swali, ama nimpe mwingine timu."

"Yule mama hajamaliza."

"Na Malawi je? Kila mtu ana hadithi yake. Utazisikiliza zote?"

"Zote."

"Basi hutaenda."

"Basi sitaenda," nikasema, nikarudi ndani. Mama alinisogezea kiti, akaendelea kutoka kwenye uji.

Timu iliondoka na kiongozi mwingine. Nina hasira mpaka leo, na usidhani ni kwa sababu niliachwa. Walioondoka ni vijana wazuri, wenye moyo, wengine nimewafundisha mimi mwenyewe Sunday school. Wamevuka mipaka wakiamini kwamba machozi ya mtu yanawachelewesha. Nani atawaondolea hilo?

Wewe unayejiandaa kwenda, nenda. Ni kazi njema, na utaiweza. Lakini ukifika kwenye nyumba yenye msiba, keti, uliza marehemu aliuguaje, na usifungue Biblia mpaka mfiwa amalize kusimulia.