Tableti Mpya ya Mama Njeri

Nina diploma ya kompyuta ya ng'ambo, na ofisi nzima hapa mjini inajua. Kwa hivyo tableti ya bosi wangu, Mama Njeri, ilipoanza kuzimika ovyo, nilijitolea kuipeleka kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza, kule Westlands, maana waranti ilikuwa haijaisha.

"Chunga," akaniambia, "picha za marehemu mama yangu ziko humo tu."

"Mama, hiyo kwangu ni kazi ndogo."

Kwa wakala, fomu niliitia sahihi bila kuisoma. Wiki iliyofuata nikapewa tableti inayong'aa.

"Na ile yetu?" nikamuuliza kijana wa kaunta.

"Ilirudi kiwandani, mkubwa, ikafutwa. Sisi haturekebishi, tunabadilisha. Si ulisaini?"

Nilirudi ofisini na ile mpya. Kabla sijafungua mdomo, Mama Njeri aliinyakua.

"Njooni nyote muone mama yangu!"

Akaiwasha. Ilimsalimu kwa Kiingereza, kisha ikamuuliza jina lake.