Panya Aliyekula Fyuzi

Fundi wetu wa magari hunong'ona. Hufuta vidole kimoja kimoja, huinamia injini, kisha humpa mwenye gari habari zake sikioni, kama daktari. Jana nilimpelekea gari la marehemu mume wangu, taa ya injini ikiwaka, na shemeji yangu akiitangazia karakana nzima kwamba nimeliua gari la kaka yake. Fundi alichomeka kipimo, akasoma. "Mama, sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi, ni nzima. Ina hita ya kuipasha moto, na hiyo hita ndiyo haipati umeme." Akafungua kisanduku cha fyuzi. Nafasi moja ilikuwa tupu. "Fyuzi yake imechomolewa." Shemeji akakohoa, na ghafla naye akajua kunong'ona: "Shemeji, niliiazima tu, kwa redio ya gari langu." Mafundi wengine wakarefusha shingo. "Kulikoni?" Katika ukoo wetu hakuna mwizi wa fyuzi. "Panya," nikasema. Fundi akanitazama, akafuta vidole, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake halisi, nzito, ikijaza karakana: "Panya, jamani! Kala fyuzi ya mama!" Nilicheka hadi nikashikilia boneti. Kisha akanisogelea sikioni: "Mwambie panya airudishe kabla sijafunga."